Ugonjwa wa Jongo

Mtu wa Tunduma hulala mzima. Usiku wa manane huamshwa na kidole gumba cha mguu, kimevimba na kuwaka moto, hata uzito wa shuka hauvumiliki. Majirani husema amekanyaga dawa ya adui. Sivyo, hilo ni jongo. Asidi iitwayo yuriki ikizidi katika damu, huganda kiungoni ikawa chembe kali kama sindano. Pombe, maini, figo na dagaa huizidisha. Maumivu hupoa yenyewe kwa juma moja au mawili, naye mganga husifiwa bure. Lakini ugonjwa ungalimo mwilini, nao hurudi ukaharibu viungo. Basi mgonjwa apumzishe mguu, anywe maji, aende hospitali apimwe. Na akipewa dawa ya kila siku, asiiache kwa kujiona amepona.