Deni la Talanta 10,000

Katika mafundisho ya Yesu juu ya mwenendo wa watu, liko moja ambalo Wakristo wote hulisifu kanisani, lakini ni wachache walifuatao wakiisha kurudi nyumbani. Nalo ni fundisho la kusamehe. Twataka kulieleza kwa kufuata mfano mmoja ulioandikwa katika Injili ya Mathayo, sura ya 18. Ndani ya mfano huo mna hesabu, na mtu asiyeifahamu hesabu ile hawezi kuufahamu mfano wenyewe.

Mfano ulitokana na swali la Petro. Alitaka kujua ndugu yake akimkosa amsamehe mara ngapi, na yeye mwenyewe akataja mara 7. Tusimcheke Petro. Kumsamehe mtu mmoja mara 7 si jambo dogo. Wengi wetu hushindwa mara ya pili. Lakini Yesu alimjibu kwa hesabu kubwa zaidi, ambayo wengine huifasiri 77 na wengine 70 mara 7, yaani 490. Hakukusudia Petro aweke daftari na kuingojea mara ya 491. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 4, mna habari za Lameki, aliyejisifu mbele ya wake zake kwamba kisasi chake kitakuwa mara 77. Basi ni kana kwamba Yesu aliitwaa hesabu ile ya kisasi akaigeuza kuwa hesabu ya msamaha.

Ndipo akaeleza mfano. Mfalme alifanya hesabu na watumishi wake, akaletewa mmoja aliyewiwa talanta 10,000. Talanta haikuwa sarafu, bali uzani wa fedha, nayo ilihesabiwa kuwa kama dinari 6,000. Na dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku moja, kama twonavyo katika mfano wa wafanya kazi wa shamba la mizabibu, sura ya 20. Haya, tuzidishe. Deni la mtu yule lilikuwa ujira wa siku 60,000,000. Kibarua afanyaye kazi siku 300 kila mwaka angelimaliza baada ya miaka 200,000, tena bila kula wala kuvaa.

Tupime kwa njia nyingine. Flavius Josephus, Myahudi wa karne ile aliyeandika historia ya taifa lake, asema kwamba Galilaya na Perea pamoja zilimpatia Herode Antipa mapato ya talanta 200 kwa mwaka. Kwa hiyo mtu huyu mmoja aliwiwa mapato ya nchi hizo mbili kwa miaka 50.

Wazee wetu husema dawa ya deni ni kulipa, nao wasema kweli, maadam ni deni lilipikalo. Mtumishi yule alianguka chini, akaomba avumiliwe, akaahidi kulipa yote. Ahadi ile ilikuwa maneno ya mtu aliyeshikwa na hofu, na mfalme alijua hivyo. Wala hakumwongezea muda. Alimhurumia akamfutia deni lote.

Mtumishi akatoka. Nje akamkuta mwenzake amwiaye dinari 100, akamkaba koo, na kwa kuwa hakulipwa papo hapo akamtia kifungoni. Wako waelezao mfano huu kana kwamba dinari 100 hazikuwa kitu. Sivyo. Zilikuwa ujira wa siku 100, yaani miezi mitatu na zaidi. Nyumba yenye watoto ikikosa ujira wa miezi mitatu, njaa huingia. Yesu hakusema kwamba makosa tutendewayo ni madogo. Aliyeibiwa ng'ombe ameibiwa kweli, na aliyesingiziwa amesingiziwa kweli. Atufundishalo ni kupima. Ukiziweka dinari 100 kando ya talanta 10,000, ni sehemu 1 katika 600,000. Kosa la mtumishi halikuwa kudai asichowiwa. Kosa lake ni kwamba alipita mlango wa rehema kisha akaufunga nyuma yake.

Katika Kiaramu, lugha aliyoisema Yesu, neno moja lilitumika kwa deni na kwa dhambi. Ndiyo sababu katika sala aliyowafundisha wanafunzi wake Mathayo ameandika madeni, na Luka ameandika dhambi. Aisaliye sala hiyo humtaja jirani yake mbele ya Mungu kila siku, ajapokuwa hatamki jina lake.

Je, maana yake twanunua msamaha wa Mungu kwa kuwasamehe wenzetu? La. Tuutazame utaratibu wa mfano: mfalme alisamehe kwanza, kabla mtumishi hajatenda jema lo lote. Rehema hutangulia, na mwenendo hufuata. Lakini mwisho wa mfano ni mkali, maana mfalme alipopata habari aliirudisha hukumu. Mkono uliokunjwa ngumi hauwezi kumkaba mtu na papo hapo kupokea zawadi.

Hapa huzuka hofu, nayo ni hofu ya haki: je, kusamehe si kuwaachia waovu njia? Jibu li katika sura ile ile ya 18, kabla ya swali la Petro. Yesu aagiza kwamba ukikosewa na ndugu, kwanza umwendee peke yako ukamwonye. Asiposikia, uchukue mmoja au wawili pamoja nawe wawe mashahidi. Asiposikia hata hapo, kanisa liambiwe. Maana yake kosa lisifichwe, wala lisitangazwe njiani kabla mwenyewe hajaambiwa. Asamehaye husema kweli kwanza. Wala aliyesamehewa haachiliwi wajibu wake. Zakayo, mkubwa wa watoza ushuru katika Yeriko, alipopokewa na Yesu hakuondoka na mali ya watu. Aliahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake, na kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Habari zake zi katika Luka, sura ya 19.

Liko agizo jingine, katika Mathayo, sura ya 5. Mtu akileta sadaka madhabahuni, akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka, aende kwanza akapatane naye. Watu wa Galilaya waliposikia hayo walielewa uzito wake. Madhabahu ilikuwa Yerusalemu, katika hekalu lililobomolewa na Warumi mwaka 70, na Josephus asema safari ya haraka kutoka Galilaya ilichukua siku tatu. Basi Mgalilaya mwenye ugomvi kwao angerudi siku tatu kwa miguu, apatane, kisha aanze safari upya. Kwa Yesu ibada isiyo na mapatano yafaa ingoje.

Tuyatie mambo haya katika maisha yetu. Ndugu wawili wamegombana juu ya mpaka wa shamba. Mmoja aling'oa alama, mwenziwe akakatisha salamu. Mwaka wa tatu sasa huimba katika kanisa moja, na watoto wao wamekatazwa kucheza pamoja. Fundisho la Yesu halimwambii aliyedhulumiwa kwamba mpaka si kitu. Lamwambia aende nyumbani kwa nduguye, aseme neno lake bila matusi, akiwa tayari kusamehe. Na aling'oa alama, lamwambia airudishe mahali pake. Wakishindwa, wawaite wazee wawili wenye haki.

Mwenye kwenda huenda akakataliwa. Hata hivyo amekwisha weka chini mzigo wa chuki, naye aliyekataa ndiye abakiye na deni. Asingoje mwenzake aanze. Salamu iliyokatishwa miaka mitatu yaweza kutolewa asubuhi moja, kabla ya kengele ya kanisa.