Huyu ndege hupiga ngoma ndio apate mke

Unamjua yule jamaa wa mtaani anayegonga meza ya kibanda kwa vijiko mpaka chai ya watu inamwagika? Basi kaskazini kabisa mwa Australia, kwenye Rasi ya York, kuna ndege wa tabia hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba yeye hujitengenezea vijiti.

Ni kokatuu, yaani kasuku mwenye kishungi. Lakini wale weupe wa kwenye filamu wasahau kwanza. Huyu ni mweusi tii, urefu karibu sentimita 60, na kishungi chake kimesimama kama nywele zilizokataa kitana. Mashavuni hana manyoya, ana ngozi tupu nyekundu ambayo hukolea rangi akipandwa na hisia. Wataalamu humwita Probosciger aterrimus. Anapatikana pia kisiwa cha New Guinea, ila wa huko hawajulikani kwa ngoma.

Mdomo wake sasa! Ni mkubwa ajabu na haufungi vizuri, daima kuna nafasi katikati. Usidhani ni kasoro. Hapo ndipo ulimi hushikilia njugu ngumu huku mdomo wa chini ukiipasua. Hula njugu za mti wa kanari, mbegu za mikalitusi na matunda ya miti ya jamii ya mkadi, ule ule ambao maua yake hunukia kwenye harusi za Pwani.

Turudi kwa ngoma. Dume huvunja kijiti, hukichonga kwa mdomo, hukishika kwa mguu kisha hugonga mti wenye pango, huku jike akimtazama. Mwaka 2017, watafiti wakiongozwa na Robert Heinsohn wa Chuo Kikuu cha Kitaifa cha Australia walitoa matokeo baada ya kurekodi madume 18. Mapigo yalifuata mdundo kamili, na kila dume alikuwa na staili yake. Kuna wa haraka, kuna wa polepole, na kuna wale wa mbwembwe. Kama tu maprodyusa wetu.

Na kama huku kwetu, mziki bila keja hautoshi. Jike hutaga ndani ya pango la mti mzee, juu ya tandiko la vijiti vilivyochanwachanwa. Pango hilo huchimbwa na mchwa na moto kwa miaka mingi mno, kwa hivyo ukiukata mti leo, mjukuu wako hataona mwingine wa aina hiyo. Na miti inakatwa kweli, maana chini yake kuna boksiti, madini yanayotoa alumini, ile ya sufuria. Moto mkali wa msituni nao humaliza mingine.

Hesabu yenyewe inatisha. Yai ni moja tu, na kwa wastani jike hutaga mara moja kila miaka miwili. Vifaranga wengi hufa kabla ya kuruka. Serikali ya Australia imeshamweka kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka, ila ukienda huko bado utawaona na kuwasikia wakigonga, udhani mambo ni shwari. Ndege hawa huishi miaka mingi sana. Huenda hao unaowasikia ni wazee wale wale wa mwaka jana, na mwaka juzi.