Mawe ya Namoratunga na Pwani ya Ziwa: Safari ya Siku Moja kutoka Lodwar

Yatajwapo magofu ya kale katika Kenya, fikira za watu wengi huelekea pwani ya Bahari ya Hindi. Hukumbuka Gedi na misikiti yake iliyomezwa na msitu, au Lamu na Pate, na upande wa Tanzania hukumbuka Kilwa Kisiwani. Ni haki yao, maana magofu hayo ni mashuhuri, na wageni wa nchi nyingi huyaendea. Lakini ni wachache wajuao kwamba Turkana nayo ina pwani yake, ijapokuwa ni pwani ya ziwa wala si ya bahari, na kwamba karibu na pwani hiyo yako mawe yaliyosimamishwa na mikono ya watu maelfu ya miaka kabla ya jiwe la kwanza la Gedi kuwekwa. Mtu aliyeko Lodwar aweza kuyaona, akafika ziwani, na kurudi siku ile ile.

Mathalani, watu watano wa Kapedo wamekuja Lodwar kwa shughuli zao za ofisini, nao wamebakiwa na siku moja ya mapumziko. Kapedo iko ukingoni kabisa mwa Turkana upande wa kusini, kwenye mpaka wa Baringo, mahali penye chemchemi za maji ya moto yaporomokayo mwambani na kuteremka katika bonde la mto Suguta. Ni mbali, na mtu aliyesafiri hata Lodwar hapendi kurudi kwao bila ya kuona kitu. Watu hao wakipanda matatu watafika Kalokol na kuuona mji tu. Lakini wakichanga fedha na kukodi motokaa yao wenyewe kwa kutwa, wataweza kusimama watakapo. Na hilo ndilo jambo kubwa, kwa sababu mawe yenyewe hayako mjini bali yako njiani.

Bei na ipatanwe kabla ya motokaa kuwashwa. Yafaa ijulikane petroli ni ya nani, dereva atakula kwa nani, na kama saa za kungoja zahesabiwa au hazihesabiwi. Ugomvi mwingi wa safari za namna hii huanza jioni kwa sababu ya neno ambalo halikusemwa asubuhi. Tena ni vema kumchukua mwenyeji ajuaye njia na ajuaye kusema Kiturkana na watu wa huko. Jambo la tatu ni maji ya kunywa, nayo yawe mengi kuliko yanavyodhaniwa kutosha. Lodwar ni mmojawapo wa miji yenye joto kali kabisa katika Kenya. Wakati wa mchana joto hupita digrii 34 karibu mwaka mzima, na mvua ya mwaka mmoja ni kama milimita 200 tu. Kwa hiyo wajuao huondoka saa kumi na moja alfajiri.

Kutoka Lodwar hata Kalokol ni mwendo wa kilomita 60 hivi kuelekea upande wa ziwa. Nchi ni tambarare, yenye changarawe, migunga michache, na mbuzi wengi kuliko mtu awezavyo kufahamu wanakula nini. Kabla ya kufika Kalokol, kando ya barabara, ndipo zilipo nguzo za mawe ziitwazo Namoratunga. Mtu aliyezoea kuta ndefu za Gedi huenda akavunjika moyo anapoziona mara ya kwanza. Ni nguzo 19 za jiwe jeusi la volkano. Aghalabu hazipiti kimo cha mtu mzima, nyingi zimeinama, kila moja kwa upande wake, nazo zimezungukwa na duara la mawe madogo. Hapana mlango, wala dirisha, wala maandishi. Juu ya baadhi yake huonekana vijiwe vilivyowekwa na wapita njia ili wapate bahati.

Jina lenyewe kwa Kiturkana maana yake ni watu wa mawe. Wazee husimulia kwamba nguzo hizo zamani zilikuwa watu waliokuwa wakicheza ngoma. Akapita pepo mbaya, wakamcheka, naye akawageuza mawe pale pale walipokuwa wakicheza. Mtu akiziangalia jua linapochomoza, jinsi zilivyoinama huku na huku kama watu walioshikwa katikati ya mchezo, ataona kwamba hadithi hiyo haikutungwa na mtu asiyekuwa na macho.

Wasafiri wa Kapedo hawana budi kufahamu kwamba jina hilo lina mahali pawili. Karibu na Lokori, katika bonde la mto Kerio, kwenye njia yao wenyewe ya kuja Lodwar, kuna makaburi ya kale yaliyozungushiwa mabamba ya mawe yaliyosimama wima. Katika mawe hayo mna alama zilizochongwa, na nyingine zafanana sana na alama ambazo wafugaji huchoma katika ngozi za mifugo yao. Nayo pia huitwa Namoratunga. Wataalamu wa kwanza walidhani mahali hapo pawili palikuwa kazi ya watu wamoja. Siku hizi neno hilo halikubaliwi kwa urahisi.

Habari ya wataalamu hao yastahili kuelezwa, maana yaonyesha jinsi elimu inavyokwenda mbele, kisha ikarudi nyuma na kujisahihisha. Mnamo mwaka wa 1978 Waamerika wawili, Lynch na Robbins, waliandika kwamba nguzo za Kalokol zilipangwa kwa kufuata nyota. Walisema kwamba mtu akisimama nyuma ya nguzo moja na kuangalia juu ya nyingine ataelekea mahali zilipochomoza zamani zile nyota ambazo Waborana huzitumia katika kuhesabu miezi yao. Miongoni mwa nyota hizo imo Kilimia, ambayo wakulima na mabaharia wa pwani ya Waswahili huijua sana. Kwa hesabu yao, nguzo hizo zilisimamishwa kama miaka 300 kabla ya kuzaliwa Kristo. Habari hiyo ilienea duniani, na hata leo viongozi wengi wa wageni huisimulia kana kwamba ni jambo lisilo na shaka.

Lakini mwaka wa 1982 mtaalamu mwingine, Robert Soper, alizipima nguzo upya akaona kasoro. Jiwe la volkano lina chuma ndani yake. Dira iwekwapo karibu na jiwe la namna hiyo, sindano yake huvutwa upande, na pembe iliyoandikwa haiwi pembe ya kweli. Wengine wakapima tena baada yake, wakatetea sehemu ya maneno ya kwanza, na ubishi ukaendelea. Wachimbaji walipokuja miaka ya baadaye na kupima umri wa vitu vilivyofukiwa katika mahali pa namna hii penye nguzo kando ya ziwa, iligunduliwa kwamba mahali hapo ni pa kale zaidi sana kuliko ilivyodhaniwa: ni pa kati ya miaka 5,000 na 4,000 iliyopita. Hizo ndizo zama za piramidi kubwa za Misri.

Mahali palipoeleza mengi zaidi ni Lothagam, upande wa kusini kidogo, ambako safari ya siku moja haifiki kwa urahisi. Habari zake zilitangazwa kwa ukamilifu mwaka wa 2018. Watu wa kale walichimba shimo kubwa, wakazika wafu wao humo kwa karne nyingi, mpaka likajaa. Wachunguzi walikadiria waliozikwa kuwa watu 580 kwa uchache. Kisha juu yake wakaweka mawe, wakafanya jukwaa lenye upana wa mita 30 hivi, na kusimamisha nguzo, nyingine zikiletwa kutoka mbali ya kilomita moja. Wanaume na wanawake, wazee na watoto wachanga, wote walilazwa pamoja, na karibu kila mmoja alikuwa na mapambo yake, kama vile shanga za mawe ya rangi na za maganda ya mayai ya mbuni. Mmoja alikutwa na pambo la kichwani lililofanywa kwa meno zaidi ya 400 ya panya wadogo wa jangwani. Hakuonekana mfalme wala tajiri aliyetengwa na wenziwe. Wataalamu wengi wa dunia walikuwa wakifundisha kwamba kazi kubwa za mawe hazifanyiki ila kwa amri ya mtawala na jasho la watumwa. Wafugaji hao wa Turkana wameonyesha kwamba sivyo.

Na kwa nini walifanya kazi hiyo wakati ule? Hapa ndipo ziwa linapoingia katika habari. Kabla ya hapo nchi hii ilikuwa na mvua nyingi, na ziwa lilikuwa kubwa kupita sana lilivyo leo. Watu waliishi kwa kuvua, na mikuki yao ya mifupa ya kuvulia imeokotwa huko huko Lothagam. Kisha mvua zikapungua, ziwa likashuka kwa makumi ya mita, na pwani ikawakimbia wavuvi. Katika siku hizo za taabu ndipo walipotokea hapa watu wenye ng'ombe, kondoo na mbuzi, na ndipo nguzo ziliposimamishwa. Huenda zilikuwa mahali pa kukutania watu ambao malisho yaliwatawanya mbali mbali, ili wajue bado ni jamaa moja.

Baada ya saa moja katika mawe, safari huendelea mpaka Kalokol. Harufu ya samaki waliokaushwa hupokea wageni kabla ya nyumba kuonekana. Huko liko gofu jingine, nalo halina hata miaka mia. Ni kiwanda cha kugandisha samaki kilichojengwa kwa msaada wa serikali ya Norway na kumalizika mwaka wa 1981. Kusudi lake lilikuwa jema: wafugaji walioangamiziwa mifugo na ukame wapate riziki ya ziwa, na samaki wauzwe mbali. Kiwanda kiligandisha samaki kwa siku chache tu. Gharama ya umeme wa kutia baridi katika nchi ya joto kama hii, pamoja na haja ya maji safi jangwani, zilishinda bei ya samaki wenyewe. Na haukupita muda mrefu kabla ya Ghuba ya Ferguson, ambayo ndiyo iliyokuwa ikitoa samaki wengi, kukauka katika miaka ile ile ya 1980. Mitumbwi ikabaki mchangani.

Wako waandikao kwamba kiwanda kilishindwa kwa sababu Waturkana hawakujua kuvua wala kula samaki. Maneno hayo si ya haki. Waturkana wa ufukoni walivua kwa vikapu tangu zamani, na chama chao cha ushirika kilikuwa kikiuza samaki wakavu kabla ya kiwanda kujengwa. Samaki mkavu hahitaji umeme. Hukaushwa na jua, ambalo Kalokol halikosekani, na hata leo malori humchukua kwenda Kitale na kwingineko.

Ghuba ilijaa tena baadaye, na karibu na mwaka wa 2020 ziwa lilipanda hata likafunika makazi ya watu ufukoni. Maji yake karibu yote, kama sehemu tisa katika kumi, hutoka katika mto Omo wa Ethiopia, ambako bwawa kubwa la Gibe III lilianza kujazwa mwaka wa 2015. Mwaka wa 2018 shirika la UNESCO liliziandika hifadhi za Ziwa Turkana katika orodha ya mahali palipo hatarini. Mmojawapo wa visiwa vya hifadhi hizo, Kisiwa cha Kati, huonekana kutoka ufukoni. Kwenda huko kwahitaji mashua imara, ada ya hifadhi, na asubuhi isiyo na upepo. Mwenye siku moja tu na aridhike kukitazama kwa mbali. Wala asioge mahali asipopajua, kwa maana mamba ni wengi.

Kuna jambo moja ambalo wageni hulikosea kwa kutokujua. Kuchukua jiwe, shanga, kigae au mfupa kutoka mahali pa kale ni kosa chini ya sheria ya mwaka wa 2006 ya makumbusho na urithi wa taifa, hata kama kitu chenyewe ni kidogo kama kunde. Hata kuisogeza nguzo iliyoinama ili ionekane vizuri katika picha ni kuharibu, kwa sababu ubishi wote ulioelezwa juu wategemea kila jiwe libaki pale lilipowekwa na wenyewe. Na picha za watu zipigwe kwa idhini yao.

Saa tisa alasiri ni wakati wa kugeuza motokaa. Madereva wa Lodwar hawapendi kukutwa na usiku njiani, hasa mawingu yakionekana upande wa milima, kwa sababu laga iliyokuwa kavu asubuhi yaweza kujaa maji ya mvua iliyonyesha mbali. Wakifika mapema, watu wa Kapedo watapata nafasi ya kuuona mji wenyewe wa Lodwar, ambako Mzee Jomo Kenyatta aliwekwa kizuizini toka mwaka wa 1959 mpaka 1961, baada ya kifungo chake cha Lokitaung. Katika siku hizo Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa, na msafiri hakuruhusiwa kuingia bila ya kibali cha serikali.