JE, WAJUA? Tokelau ilikosa kura 16 tu

Tumezoea historia ya mkoloni anayeng'ang'ania na wananchi wanaodai chao. Huko Tokelau, visiwa vitatu vya matumbawe katika Bahari ya Pasifiki vyenye watu wapatao 1,500, mambo yalikwenda kinyume: New Zealand, inayovitawala, ndiyo iliyokuwa tayari kulegeza mkono.

Azimio namba 1541 la Umoja wa Mataifa, la mwaka 1960, linaipa nchi tegemezi njia tatu: uhuru kamili, kuungana na dola nyingine, au kujitawala kwa ushirikiano huru na dola hiyo. Tokelau iliulizwa kuhusu njia ya tatu. Sharti lilikuwa theluthi mbili ya kura. Februari 2006 waliokubali walikuwa asilimia 60. Oktoba 2007 wakarudi kupiga kura: kati ya kura 692, waliosema ndiyo walikuwa 446. Zilihitajika 462.

Hofu ya waliosema hapana ni rahisi kuielewa. Tokelau haina uwanja wa ndege, na meli kutoka Apia, Samoa, husafiri zaidi ya saa 24. Bajeti yake hutegemea sana msaada wa New Zealand, na wenyeji ni raia wa nchi hiyo. Kwa maoni yangu, kura yao ya hapana inastahili heshima ileile tunayoipa ndiyo.

Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kuondoa ukoloni, ambayo Mtanzania Salim Ahmed Salim aliiongoza miaka ya 1970, bado ina maeneo 17 kwenye orodha yake. Tokelau imo.