Kengele ya Bure na Mlipuko wa Kweli

Mlipuko wa miale ya gama, yaani mmweko wa mnururisho wenye nishati kubwa kupindukia, unaotokea nyota kubwa inapoporomoka au nyota mbili za nyutroni zinapogongana, huweza kwisha kabla ya sekunde moja kutimia, na chanzo chake hakilipuki tena. Kwa sababu hiyo setilaiti ya Swift, iliyorushwa na Marekani kwa kushirikiana na Italia na Uingereza mwezi Novemba 2004, na ambayo data zake hupokelewa katika kituo cha Malindi nchini Kenya, ilipewa uwezo wa kuamua yenyewe, huko huko angani, kama mlipuko ni wa kweli.

Uamuzi huo ni mgumu, kwani hesabu ya vihisi, inayoliza kengele ya chombo, hupanda pia Jua linapofoka, au chombo kinapokatiza juu ya Atlantiki ya Kusini, ambako usumaku wa dunia ni dhaifu na chembe zenye chaji hushuka chini zaidi. Hesabu kubwa peke yake, basi, haithibitishi kitu. Kinachotakiwa ni mahali miale ilikotoka.

Ndiyo maana juu ya vihisi 32,768 vya Swift limetandazwa pazia la vigae vya risasi vipatavyo 52,000, vilivyotawanywa bila mpangilio maalumu. Miale inayotoka nukta moja ya anga hupenya katika nafasi zilizobaki, mfano wa jua lipenyalo paa la makuti yaliyochakaa na kuchora madoa sakafuni, na kompyuta huyasoma madoa hayo ikajua upande wa chanzo. Chembe zinazoingia kutoka kila upande hazichori umbo lolote, na kengele hufutwa. Nukta ikipatikana, hulinganishwa na orodha ya vyanzo vinavyojulikana, kisha chombo hujigeuza ili darubini yake ya eksirei itafute mng'ao unaofifia.

Ustadi huo wote, hata hivyo, hauwezi kujua kila kitu kwa mara moja. Tarehe 28 Machi 2011 kengele ililia, tukio likaitwa GRB 110328A kama milipuko mingine, lakini ikalia tena na tena kutoka nukta ileile, jambo ambalo nyota iliyokwisha kuporomoka haiwezi. Uchunguzi ulionyesha shimo jeusi kubwa, katikati ya galaksi iliyo umbali wa miaka ya nuru karibu bilioni 3.8, likirarua nyota iliyolikaribia mno. Eksirei zake ziliendelea kuonekana hadi Agosti 2012, zilipofifia ghafla.