Msimamizi wa foleni au mtunzi wa programu? Kijana wa Kahama yuko njia panda

Jumapili moja, muda mfupi baada ya chakula cha mchana, simu yangu iliita kutoka Kahama. Alikuwa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, kijana mwenye stashahada ya kompyuta ambaye kwa miezi mingi alikuwa akihangaika na maombi ya kazi. "Shikamoo, mjomba," alisema, na kabla sijamaliza kuitikia akanieleza kwamba kazi amepata, na kwamba hilo ndilo tatizo lenyewe: amepata mbili kwa mpigo, na kila mwajiri amempa siku kumi za kujibu.

Kazi ya kwanza ilikuwa Geita, kusimamia mtambo wa kompyuta unaopitisha ujumbe kutoka mfumo mmoja hadi mwingine. Ya pili ilikuwa Dodoma, kutunga programu ambazo hutuma na kupokea ujumbe wa namna hiyo hiyo. Mishahara ilikaribiana. Mama yake alitaka Geita, kwa kuwa ni karibu na nyumbani, na kwa kuwa neno "msimamizi" lilimpendeza masikioni. Baba yake alishikilia Dodoma, kwa hoja kwamba penye makao makuu ndipo penye maendeleo ya kijana. Mwenyewe alikuwa amekaa katikati yao kama mzigo usio na anwani.

Nilimwahidi kwamba nitamwandikia. Barua ikawa ndefu, na kwa vile nyumba yenye swali hilo si ya dada yangu peke yake, nimeona niieleze hapa.

Kwanza, kazi yenyewe ni kazi gani? Wazazi wa Shinyanga wanaijua bila kujua kwamba wanaijua, maana wameiona Isaka. Treni hufika katika bandari kavu ile ikiwa na makasha kutoka Dar es Salaam. Malori ya kwenda Rwanda na Burundi huja yanapoweza kuja. Lori likiharibika njiani karibu na Lusahunga, treni haisimami Isaka siku tatu kulisubiri. Hushusha kasha, likapokewa kwa maandishi, likatunzwa uwanjani, nayo treni ikarudi kufuata mzigo mwingine. Aliyeleta na anayechukua hawana haja ya kuonana.

Kompyuta nazo zina bandari kavu zake. Ni programu za kati, ambazo hupokea ujumbe kutoka mfumo mmoja, huupanga katika foleni, huutunza kwenye diski, na kuukabidhi kwa mfumo wa pili pindi unapokuwa tayari. Kampuni ya IBM ilianza kuuza programu yake ya aina hiyo mwaka 1993, na kwa jina la MQ ingali inatumika katika mabenki mengi duniani. RabbitMQ ilikuja mwaka 2007. Kafka, iliyotungwa ndani ya kampuni ya LinkedIn na kupewa jina la mwandishi wa riwaya, iliachiwa watu wote mwaka 2011. Majina ni mengi, lakini uwanja wa makasha ni ule ule.

Sasa twende Geita. Mwezi Machi mwaka 2019 lilifunguliwa pale soko la madini, la kwanza nchini katika utaratibu ule mpya, ili mchimbaji mdogo auze dhahabu yake mahali penye mizani na stakabadhi badala ya kuiuza gizani. Miaka miwili kabla yake, mwaka 2017, Serikali ilikuwa imeanza kukusanya mapato yake kupitia mfumo mmoja wa malipo wa kielektroniki, ule uliotuletea namba ya malipo ambayo mitaani huitwa kontroo namba.

Tuseme mchimbaji wa Nyarugusu amefika sokoni na gramu zake, na anadaiwa tozo. Yeye huona namba ikija kwenye simu, akalipa, yakaisha. Asichokiona ni safari iliyopo nyuma ya namba hiyo. Kompyuta ya ofisi inayomdai hutuma ankara kwenye mfumo mkuu. Mfumo mkuu haujibu papo hapo kwa namba. Kwanza hukiri tu kwamba ankara imefika, na namba hufuata baadaye katika ujumbe mwingine, ambao nao hapana budi ukiriwe. Akishalipa kwa simu, habari za malipo hupita tena njia ya namna hiyo hadi ofisi iliyomdai. Siku ikiisha, vitabu vya pande zote hulinganishwa, ili kama kuna malipo yaliyopotelea njiani yaonekane.

Ujumbe ule wa mwisho ukikwama, mchimbaji amelipa lakini kitabu kinamwita mdaiwa. Kibali hakitoki. Wenzake waliobaki shimoni wanasubiri mgawo, mama lishe anasubiri deni lake la wiki nzima, na bei ya dhahabu haimsubiri mtu. Saa hiyo simu inapigwa kwa nani? Jibu la swali hilo ndilo linalozitenganisha kazi mbili za mpwa wangu, na wala si majina ya vyeo.

Simu ya kwanza hupigwa kwa msimamizi. Yeye ndiye hutazama foleni ina ujumbe mangapi na kwa nini haipungui. Ndiye mwenye kujua diski imebakiza nafasi kiasi gani, seva ya akiba iko macho au imelala, nani ameruhusiwa kuweka ujumbe na nani kuuchukua. Vyeti vya kidijiti ambavyo mifumo hutambuliana navyo vina tarehe ya mwisho, mfano wa leseni ya gari, na cheti kikiisha usiku wa manane mazungumzo hukatika bila mtu yeyote kugusa kitu. Kadhalika kuna foleni ya ujumbe uliokosa mpokeaji, sawa na barua ambazo posta ilishindwa kumpata mwenyewe. Msimamizi mzembe huiacha hadi ifurike. Msimamizi hodari huipitia kila asubuhi, kwa kuwa humo ndimo ugonjwa huanza kuonekana. Mabadiliko makubwa hufanywa wakati wateja wamelala, kwa hiyo usiku wa Jumamosi wa msimamizi haufanani na wa watu wengine.

Niliona ni wajibu wangu kumweleza dada yangu hapo kwamba "msimamizi" wa namna hii hana watu wa kuwaamrisha. Yeye ni kama yule mkuu wa stesheni katika tawi la reli lililotoka Tabora na kufika Mwanza mwaka 1928: hakupakia mzigo wala hakuendesha treni, lakini bila idhini yake treni haikuondoka, na ajali ikitokea alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kuulizwa. Heshima yake ni siku ambayo hakuna aliyemkumbuka.

Mtunzi wa programu, ambaye wengine humwita msanidi, huulizwa jambo jingine. Foleni inaweza kuwa nzima kabisa na bado mchimbaji akadhulumika. Mitambo hii mara nyingi huahidi kwamba ujumbe utafika angalau mara moja. Haiahidi kwamba hautafika mara mbili. Mtandao ukikatika kabla ya kukiri, mtumaji hutuma tena. Mtunzi asipoipa kila habari ya malipo namba yake ya pekee, na asipoikagua namba hiyo kabla ya kuandika kitabuni, malipo ya mara moja yatahesabiwa mara mbili. Au ujumbe wa kufuta ankara utawasili kabla ya ankara yenyewe. Au upande mmoja utaandika kiasi kwa shilingi na mwingine ukisome kama dola. Makosa haya hayapigi kelele. Hukaa kimya hadi mhasibu afunge hesabu za mwezi, na hapo mtunzi huketi na faili mbele ya watu wasiofurahi.

Baba yake kijana alidhani utunzi ni kukaa peke yako na kompyuta. Sivyo. Sehemu kubwa ya kazi ile ni kuwauliza wahasibu, wapima madini na makarani maswali ambayo hawakutegemea kuulizwa, kisha kuandika kwa lugha ya mashine yale waliyojibu.

Basi ipi ina maisha marefu? Hapa sitaki kuwadanganya wazazi. Siku hizi ofisi nyingi hazinunui seva zao. Hukodi huduma kwa kampuni kubwa za nje, na kazi ndogo ndogo za msimamizi, kama vile kuweka programu na kuongeza diski, hufanywa na mwenye kukodisha. Msimamizi ambaye ujuzi wake ni kubonyeza vitufe alivyoelekezwa ana sababu ya kuhofu. Anayejua kuandika programu fupi za kumfanyia kazi za kila siku hana sababu hiyo, na kwa kweli amekwisha kuvuka nusu ya mto kuelekea upande wa watunzi. Mto huo huvukwa pande zote mbili. Mtunzi aliyewahi kuamshwa usiku hutunga kwa uangalifu zaidi kuliko ambaye hajawahi.

Ipo tahadhari nyingine, nayo ni ya huku kwetu. Mgodi wa Buzwagi, pale pale Kahama, ulifunguliwa mwaka 2009, na uzalishaji wake ulikoma mwaka 2021. Miaka 12 haitoshi hata kumtoa mtoto darasa la kwanza hadi chuo kikuu. Kijana akiajiriwa kutunza mitambo ya mgodi, aulize mapema ni nini kati ya anavyojifunza kitabaki mikononi mwake siku shimo likifungwa. Bahati nzuri foleni hazifukiwi pamoja na shimo. Mabenki wanazo, kampuni za simu wanazo, hata Mamlaka ya Serikali Mtandao imejenga mfumo wa taasisi za umma kubadilishana taarifa.

Nimesikia pia wazazi wakisema kwamba usimamizi haumfai binti kwa ajili ya zamu za usiku. Nashangaa. Wauguzi wa Shinyanga wamekesha miaka yote, na hakuna aliyewaambia wakalale. La kuuliza ni usafiri wa usiku, na ni watu wangapi wanapokezana simu ile.

Na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika, msimamizi mwenye uwezo wa kufungua ujumbe wa wateja ajue kwamba udadisi unaweza kumfikisha pabaya.

Baada ya kumweleza hayo yote nilimwuliza mpwa wangu jambo moja tu. Walipokuwa chuoni, kazi yao ya kikundi ilipogoma kufanya kazi usiku wa kuamkia mtihani, yeye alifanya nini? Alifikiri kidogo. Wenzake, alisema, walianza kuandika programu upya. Yeye alikaa na kumbukumbu za mashine, akazisoma mstari kwa mstari hadi saa tisa usiku, akagundua kwamba diski ilikuwa imejaa.

"Na ulichukia?"

"Hapana, mjomba. Nilifurahi."

Nikamwambia aende Geita, lakini asitie sahihi kabla ya kuuliza mambo mawili: kama ataruhusiwa kuandika programu zake mwenyewe za kuufuatilia mtambo, na zamu za usiku zinagawanywa vipi. Aliuliza. La kwanza walikubali mara moja. Kuhusu la pili waliungama kwamba angekuwa mtu wa pili tu, yaani wiki moja kati ya kila wiki mbili simu italala kando ya mto wake. Aliomba aajiriwe na wa tatu. Walijibu kwamba watalitazama katika bajeti ijayo, jibu ambalo kila mfanyakazi wa nchi hii amewahi kulisikia.

Amekwenda hata hivyo. Wale wa Dodoma aliwaandikia barua ya adabu, na wao wakamjibu kwamba baada ya miaka miwili anaweza kuwabishia hodi tena. Baba yake ameihifadhi barua hiyo kabatini. Dada yangu yeye, baada ya kuelewa kazi ya mwanawe ni ya namna gani, alikwenda sokoni Kahama akamnunulia chupa kubwa ya chai.