Mlango wa Treni Ukianza Kufunga, Usiuzuie

Abiria wa treni kati ya Syokimau na Nairobi wamezoea mabehewa ya zamani ambayo milango huachwa wazi na vijana huning'inia. Treni za dizeli zilizoletwa kutoka Hispania mwaka wa 2020 ni tofauti: milango yake hufunguka na kufunga kwa mitambo.

Mlango wa aina hii husukumwa na mota ya umeme au hewa iliyoshindiliwa. Ukifika mwisho, swichi ndogo huthibitisha kwamba umefunga na komeo limeingia. Swichi za milango yote huunganishwa katika saketi moja. Mlango mmoja ukibaki wazi, saketi hukatika na dereva hapati nguvu ya kuondoa treni. Ndiyo maana anayeshikilia mlango akimngojea mwenzake huchelewesha kila mtu.

Mlango ukigonga mkono au begi, huhisi kizuizi na kufunguka tena. Hapo ndipo wengi hujidanganya. Kitu chembamba, kama kamba ya mkoba au pindo la leso, chaweza kubanwa kati ya mipira ya ukingoni bila kugunduliwa. Swichi husema mlango umefunga, treni huondoka, na mwenye mkoba angali jukwaani.

Kengele ya mlango ikilia, rudi nyuma ungoje treni ifuatayo. Ukibanwa kamba, achilia mkoba mara moja. Aliye ndani na avute kishikio cha dharura. Kishikio hicho si cha kushukia kabla ya stesheni.